Cheni Imetoka Tena: Itazame Kabla Hujairudisha

Kijana aliingia karakana akiwa na grisi hadi kwenye kucha, baiskeli yake ya mbio dhidi ya saa, yenye sproketi moja tu mbele, ameibeba begani. "Shikamoo fundi. Naomba unifungie kizuia cheni, kile kidude cha kwenye fremu cha kuikinga isidondoke. Imenitoka mara tatu asubuhi hii kati ya Tengeru na Usa River." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza: ilidondokea ndani, upande wa fremu, au nje, upande wa mguu? Ulikuwa unakanyaga au umetulia? Nyuma ulikuwa gia gani? Hakuwa na jibu hata moja. "Niliirudisha haraka tu fundi, wenzangu walikuwa wanaondoka."

Nilimwelewa, kila mwendesha baiskeli hufanya hivyo. Lakini majibu ya maswali hayo matatu ni nusu ya matengenezo. Cheni iliyodondokea ndani mlimani na cheni iliyoruka nje mteremkoni ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja inaweza kuizidisha nyingine. Ukiirudisha bila kuitazama umefuta ushahidi kwa mkono wako mwenyewe. Sekunde tano zinatosha: simama pembeni, angalia cheni imelala wapi, angalia iko gia gani nyuma, kumbuka barabara ilikuwaje. Halafu ndiyo uirudishe.

Kwa nini sproketi moja ya mbele hutoa cheni

Baiskeli yenye sproketi mbili mbele, yaani magurudumu mawili ya meno penye pedali, ina derela ya mbele, kile kibanio cha bati kinachosukuma cheni kutoka sproketi hii kwenda ile. Tumezoea kukiona kama kifaa cha kubadilishia gia, kumbe muda wote pia ni ukuta: cheni ikitaka kuruka inagonga bati na kurudi mahali pake. Ukikiondoa ili upunguze uzito na upepo, umeondoa ukuta, na lazima kitu kingine kishike zamu.

SRAM, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, walipotoa mfumo wa XX1 wa baiskeli za milimani mwaka 2012, zamu hiyo waliipa meno yenyewe. Itazame cheni kwa karibu: viungo vyake vinapishana, kimoja kina nafasi finyu, kinachofuata kina nafasi pana. Sproketi ya kawaida ina meno ya unene mmoja, membamba kiasi cha kuingia kwenye nafasi finyu. Kwa hiyo jino linaloangukia nafasi pana linaelea tu. Wao wakachonga jino nene, jembamba, nene, jembamba, kila moja likijaza nafasi yake. Ndiyo maana sproketi ya aina hii huwa na idadi shufwa ya meno. Mwaka 2014 mfumo huo ukaingia kwenye saiklokrosi, mbio za matope na nyasi, kwa jina la Force CX1, na mwaka uliofuata ukafika kwenye baiskeli za barabarani. Zamu ya pili ilipewa derela ya nyuma, ule mkono unaohamisha cheni: ndani yake iliwekwa klachi inayouzuia kurukaruka.

Mfumo ni mzuri na mimi naupenda, lakini hauna msamaha. Mei 27, 2023, hatua ya 20 ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, mwendeshaji Primož Roglič alikuwa anapanda Monte Lussari kwenye mbio dhidi ya saa akiwa na sproketi moja mbele, akimfukuzia Geraint Thomas aliyekuwa na sekunde 26 za akiba. Njiani baiskeli ikatikisika, cheni ikatoka. Akashuka, akairudisha, akasukumwa, akaendelea. Alishinda hatua kwa sekunde 40 na Giro nzima kwa sekunde 14. Kama jambo hili linatokea kwa timu yenye mafundi wanaofuata kwa nyuma, basi hakuna sababu ya kuliona aibu. Sababu ipo ya kulitafutia chanzo.

Na mtu asidhani mtikiso ni habari ya Ulaya. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya 2025 yalipokuja Kigali, waendeshaji walipanda mawe ya Kimihurura mzunguko baada ya mzunguko. Sisi wa barabara ya Arusha hadi Moshi tuna matuta na rasharasha kila penye kijiji, na cheni inayalipia.

Inatoka kwenye matuta au rasharasha, ukiwa hukanyagi

Hii ndiyo naiona kuliko zote. Unapokanyaga, upande wa juu wa cheni unakazwa kama kamba yenye ndoo kisimani, na cheni iliyokazwa haina pa kwenda. Ukiacha kukanyaga unalegea. Sasa piga rasharasha kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa: mkono wa derela unarushwa mbele, upande wa chini unapigapiga, ulegevu unapanda hadi juu ya sproketi ya mbele, viungo viwili vitatu vinanyanyuka kutoka kwenye meno. Vikirudi chini, kama meno hayajavipokea sawasawa, safari imeisha.

Anza na derela. Shika mkono wake kwa vidole, usukume mbele taratibu. Wenye klachi nzima unakataa mwanzoni, unakubali kwa shida, unarudi bila papara. Ukienda mbele kwa wepesi kama mlango wenye bawaba mpya, klachi imekufa, imezimwa au haikuwepo tangu mwanzo.

Iliyozimwa ni ya kawaida mno. Derela nyingi za Shimano zenye klachi zina kiswichi kidogo cha kuwasha na kuzima, na watu hukizima wanapotoa gurudumu, kisha wanasahau. Kitazame kabla ya kitu kingine chochote. Klachi za Shimano zinaweza pia kukazwa zikilegea kwa uzee. Skrubu yake iko chini ya kifuniko kidogo. Kaza robo mzunguko, jaribu tena, usikaze hadi mkono uwe mgumu kama umetiwa kutu, maana hapo kubadilisha gia kutakuwa adhabu.

Ile ambayo haikuwepo tangu mwanzo ndiyo kisa cha baiskeli nyingi za mbio dhidi ya saa. Mtu anang'oa derela ya mbele na sproketi ndogo, anafunga sproketi moja kubwa, lakini nyuma anabaki na derela ya barabarani. Dura-Ace R9200 na Ultegra R8100 za Shimano hazina klachi, kwa mfano. Zilitengenezwa zifanye kazi na derela ya mbele. Baadhi ya derela za SRAM za barabarani za AXS, zile zisizo na waya, zina kizuizi cha mafuta ndani yake kinachofanya kazi kama hiyo. Kama derela yako haina klachi na barabara zako zina rasharasha, badilisha derela au funga kizuia cheni. Katika hali hii kizuia cheni si anasa.

Halafu pima urefu wa cheni. Cheni ndefu kupita kiasi humwacha derela akiwa amekunja mkono wake muda wote, na springi iliyolegea haina nguvu. Kipimo ninachotumia: pitisha cheni kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa kuliko zote nyuma, bila kuipitisha kwenye derela, vuta ncha mpaka zikutane, kisha ongeza viungo viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Baadhi ya derela hutaka zaidi ya hapo, kwa hiyo kijitabu cha derela yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukibadilisha sproketi ya mbele ya meno 50 ukaweka ya 56, au kinyume chake, lazima urudie kipimo hiki. Wengi hawarudii. Na usikubali kosa la upande wa pili pia: cheni fupi, ukiingia sproketi kubwa kabisa nyuma, inaweza kung'oa derela na sikio linaloishikilia.

Wakati unasubiri vipuri, miguu yako inaweza kusaidia. Ukiona tuta mbele usitulize pedali. Kanyaga kidogo, mzigo mwepesi tu, upande wa juu ubaki umekazwa. Na usibadilishe gia ukiwa juu ya rasharasha.

Inatoka barabara ikiwa laini, mara tu unapotulia

Hapa ndipo tulipomkuta yule kijana. Kabla ya kugusa chochote niliinama nikatazama fremu karibu na kitovu cha kranki, pale mikono ya pedali inapozungukia: mkwaruzo mpya, rangi imechunika na vumbi la kaboni jeusi bado lipo. Kwa hiyo ndani. Nikajaribu klachi, nzima. Nikapima cheni, haijachakaa. Nikaipandisha baiskeli kwenye stendi, nikazungusha pedali kwa mkono hadi gurudumu likashika kasi, kisha nikaishika kranki ghafla.

Upande wa juu wa cheni ukalegea palepale, ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na mkono wa derela ukavutwa mbele. "Umeona?" nikamwambia. Akatikisa kichwa, macho kwenye cheni.

Friwili, ule mtambo wa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, inatakiwa iliache gurudumu lizunguke peke yake wewe ukiwa umetulia. Ikiwa nzito, gurudumu linaizungusha kaseti, yaani sproketi zote za nyuma, pamoja nalo, na kaseti inasukuma cheni mbele wakati sproketi ya mbele imesimama. Cheni inarundikana juu. Hakuna meno mapana wala klachi inayoweza kushindana na gurudumu zima linalosukuma. Hata barabara ya lami mpya haikuokoi.

Nilifungua friwili yake. Ndani alikuwa ameshindilia grisi nzito ya beringi kwenye meno ya kukamatia, kwa nia njema kabisa, akitaka gurudumu liwe kimya. Nikasafisha, nikaweka mafuta mepesi kiasi kidogo, nikarudia jaribio. Kamba haikuning'inia tena. Kizuia cheni sikumfungia siku hiyo. Nilimwomba aendeshe wiki nzima kwanza, akarudi na mikono safi.

Grisi siyo chanzo pekee. Beringi zilizokufa, ekseli iliyokazwa kupita kiasi, spesa iliyosahaulika nyuma ya kaseti hadi kaseti inagusa pasipotakiwa, mchanga ulioingia baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha: vyote vinazaa dalili hiyohiyo. Angalia zaidi kama una magurudumu mawili ya nyuma, moja la mazoezi na jingine la mashindano. Tatizo likihama na gurudumu, umempata mhusika, na huna haja ya kugusa kitu kingine.

Inadondokea ndani, mlimani, ukiwa gia kubwa nyuma

Ukipanda, cheni iko kwenye sproketi kubwa za kaseti, zile zilizo karibu na spoki. Ukitazama kutoka juu utaiona inakuja kwenye sproketi ya mbele kwa mshazari, ikitokea ndani. Kila jino linapoipokea linaipokea kwa pembe, na ubavu wa cheni unataka kupanda juu ya jino badala ya kuteleza kando yake. Kati ya sproketi ndogo na kubwa za kaseti ya Shimano ya gia 11 kuna karibu milimita 37. Sproketi ya mbele ikikaa sawa na katikati, cheni inapinda milimita 18 na ushee kila upande. Ikikaa nje kwa milimita 3 au 4, upande wa mlimani ndio unaolipa.

Na mara nyingi imekaa nje. Kranki ya sproketi mbili ina vikao viwili, cha ndani na cha nje, na mstari wa cheni wa kiwanda, yaani umbali kutoka katikati ya baiskeli hadi kwenye cheni, milimita 43.5 kwenye Shimano nyingi za breki za rimu, uko katikati ya vikao hivyo. Ukifunga sproketi moja kwenye kikao cha nje, kama watu wengi wanavyofanya kwa sababu kubwa haitoshei ndani karibu na fremu, umefika 47 hivi. Kwa mtu anayekimbia tambarare akiwa kwenye sproketi ndogo za nyuma hilo halina ubaya. Tena ni faida, cheni inakuwa imenyooka pale anapotumia muda mwingi. Kwa mtu anayepanda kutoka Himo kwenda Marangu ni taabu.

Pima. Kwenye fremu yenye bomba la kiti la duara, chukua nusu ya unene wa bomba, ongeza umbali kutoka ubavu wa bomba hadi katikati ya meno. Fremu za mbio dhidi ya saa zina mabomba bapa yanayodanganya, kwa hiyo pimia kwenye kitovu cha kranki: nusu ya upana wake, kisha umbali hadi kwenye meno. Kitovu cha milimita 68 kinakupa 34 za kuanzia. Kuwa makini na fremu ambazo kitovu hakilingani pande mbili, kama Cervélo zenye BBright. Hapo nusu ya upana siyo katikati ya baiskeli.

Dawa ni kusogeza sproketi ndani kama fremu inaruhusu, kwa spesa nyembamba au kwa sproketi iliyotengenezwa na mkunjo. Acha nafasi ya kutosha kati ya meno na bomba la fremu, maana ukikanyaga kwa nguvu sproketi kubwa ya meno 56 au 58 hupinda. Ikikwaruza kaboni mara moja itaendelea. Kama haisogei, ndipo kizuia cheni cha ndani kinapata kazi yake halali.

Inarukia nje, mteremkoni, ukiwa sproketi ndogo nyuma

Ni picha ileile imegeuzwa: sproketi ya mbele imekaa ndani mno, au kasi ni kubwa na mtikiso ni mkali. Nitaipita haraka, lakini kwa onyo moja. Kizuia cheni cha kawaida kinalinda upande wa ndani peke yake. Nimeona watu wakinunua kimoja, wakakibadilisha kwa kingine cha bei zaidi, huku cheni yao ikirukia nje kila mara. Kwa upande wa nje unahitaji kinga yenye kuta mbili, kama zile za saiklokrosi, au bamba la kufunika upande wa nje wa sproketi. Cheni iliyotoka nje hujisokota kwenye mkono wa kranki, na ukiendelea kukanyaga unaweza kuvunja kiungo. Acha kukanyaga mara moja.

Inatoka ukiwa unakanyaga kwa nguvu zote

Hapa usilaumu barabara. Cheni iliyokazwa haitoki bila kitu kilichoharibika au kisicholingana, na orodha yangu inaanza na swali linalowaudhi watu: hiyo sproketi ilikuwa ya nini zamani? Sproketi ya nje iliyotolewa kwenye seti ya sproketi mbili ina ngazi ndogo zilizochongwa ubavuni, pini za chuma, na baadhi ya meno yamefupishwa. Vyote hivyo viliwekwa kwa kusudi moja, kuisaidia cheni kupanda na kushuka kwa urahisi. Ukiifunga peke yake bila derela ya mbele, umeajiri mlinzi ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kufungua mlango. Nunua sproketi iliyotengenezwa kuwa moja. Hakuna marekebisho mengine yatakayofidia hili.

Kama sproketi ni sahihi, tazama uchakavu. Vuta cheni mbele kwa vidole pale mbele kabisa ya sproketi; ukiona nusu ya jino au zaidi imefunuka, kimoja kati ya viwili kimekwisha. Kisha pima cheni kwa rula ya chuma. Kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ya cheni mpya ni milimita 304.8. Zikifika 306.3, cheni imeongezeka kwa nusu asilimia, na kwa mifumo ya gia 11 na 12 huo ndio muda wa kuitupa. Meno mapana nayo huliwa ubavuni mpaka mapana na membamba yanafanana. Yaweke kwenye mwanga, uyatazame kutoka juu, utaona. Meno yaliyochongoka kama pezi la papa yamekwisha siku nyingi. Cheni mpya kwenye sproketi iliyokufa itatoka siku ya kwanza, na watu huilaumu cheni.

Zungusha pedali kinyume polepole ukitazama kila kiungo kinavyopita kwenye vigurudumu vya derela. Kiungo kigumu kitaruka kidogo kila kinapopita. Vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta mazito hutengeneza unga wa kusagia, na viungo hufa kimoja kimoja. Kikunjue kwa vidole kwa upande, tia mafuta, kikiendelea, badilisha.

Halafu funga kamba ya plastiki kwenye fremu, ncha yake ikaribie meno, uzungushe kranki. Pengo likiongezeka na kupungua zaidi ya milimita moja, sproketi imepinda au boliti zimelegea. Boliti za sproketi mbili ni ndefu mno kwa sproketi moja. Zinakaza hewa, unahisi zimekaza kumbe sproketi inacheza. Tumia fupi zake, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Mwisho shika mikono yote miwili ya kranki uitikise kwa ubavu. Ikigonga, beringi za kitovu zimeisha.

Ukirudisha pedali nyuma inashuka gia au inatoka

Ukikanyaga kinyume, cheni inatoka juu ya sproketi ya mbele kwenda kwenye kaseti. Mbele ikiwa nje na nyuma ukiwa kwenye sproketi kubwa kabisa, inaingia kwa mshazari na kudondokea sproketi ndogo zaidi. Kwenye sproketi moja hili hutokea kwa kiasi fulani hata kwa baiskeli nzima. Likizidi, rudi kwenye mstari wa cheni hapo juu. Likiwa dogo, jizoeze kuweka pedali sawa kwa kukanyaga mbele nusu mzunguko unapoanza kuondoka.

Tatizo lilianza siku ulipobadilisha kitu

Basi kitu hicho ndicho cha kwanza kutazamwa, hata kama ni kipya na ghali. Kosa la cheni mpya ni kufungwa kwa kupishana vibaya: kiungo chenye nafasi finyu kimekalishwa juu ya jino nene. Cheni inakaa juujuu, inanguruma, na hutoka ndani ya mita chache. Inua, sogeza jino moja, ishushe. Pia ulizia ulinganifu. Cheni za SRAM za Flattop, zilizokuja na AXS mwaka 2019, zina rola kubwa kidogo kuliko cheni za kawaida, kwa hiyo zinahitaji sproketi zilizochongwa kwa ajili yake; usichanganye kwa kubahatisha.

Kama cheni inatokea upande wa nyuma, ikinasa kati ya kaseti na spoki au kati ya kaseti na fremu, hiyo si kazi ya sproketi ya mbele hata kidogo. Tazama sikio la derela, kipande kile cha alumini kinachoishikilia. Baiskeli ikianguka upande wa kulia hupinda. Linyooshwe kwanza, ndipo skrubu za mipaka, zinazozuia derela isivuke sproketi za mwisho, zirekebishwe. Ukianza na skrubu unarekebisha juu ya kitu kilichopinda.

Kizuia cheni kikifungwa, kifungwe hivi

Sikipingi. Kwenye fremu ya kaboni ningekifunga hata baada ya kutibu chanzo, kwa sababu cheni ikidondoka mara moja tu inaweza kuchimba fremu. Ninachokataa ni kukitumia kuficha friwili nzito au meno yaliyokwisha. Kitapigwa kila siku mpaka kipinde, na siku kitakapopinda ndiyo siku ya mashindano.

Weka cheni kwenye sproketi kubwa kabisa ya nyuma, maana hapo ndipo inapokaribia ndani zaidi. Sogeza kizuia hadi kibaki karibu milimita moja kutoka kwenye cheni, juu pale inapoingia kwenye meno, si nyuma zaidi. Kisha mtu apande baiskeli akanyage kwa nguvu huku wewe ukisikiliza. Kikikwaruza, kiachie kidogo. Sproketi ya yai ipimwe pale yai linaposimama juu kabisa. Boliti ya kushikia kwenye kaboni ikazwe kwa spana yenye kipimo, si kwa kukadiria.

Imetoka barabarani, wenzako wanaondoka

Acha kukanyaga, toka kabisa nje ya lami. Tazama: ndani au nje, gia gani. Kama imebanwa kati ya sproketi na fremu usilazimishe kwa pedali. Ivute kwa mkono kurudi ilikoingilia. Zima klachi kama ina kiswichi, sukuma mkono wa derela mbele kwa mkono wa kushoto upate ulegevu, ninginiza cheni kwenye meno ya juu, uzungushe pedali mbele taratibu kwa mkono. Angalia kiungo kipana kimekaa kwenye jino nene. Zungusha mizunguko miwili mizima ukisikiliza. Kikiunguruma, inua uhamishe jino moja.

Kisha, kabla hujapanda, washa klachi tena.